Vyungu vya Kizungu, kiti cha kutu na chumba cha vioo kilichonipika

Ijumaa moja ya mwezi wa pili shemeji yangu alitoka msikitini akapita kunijulia hali, akakaa kwenye kiti changu kipya cha bustani. Kiti cha chuma, kirefu cha watu wawili, kimepakwa rangi nyeupe, mgongo wake umesukwa majani na maua kama vile viti vya bustani za Uingereza unavyoviona kwenye picha. Tukanywa kahawa, tukasema habari za karafuu, akanyanyuka kwenda zake. Alipofika langoni ndipo nilipoona. Mgongoni mwa kanzu, kuanzia kiunoni kupanda juu, majani matatu na ua moja, rangi ya kutu, yamepigwa chapa vizuri utadhani kanga.

"Shem, simama hapo hapo," nikamwambia. "Usigeuke."

Bila shaka aligeuka.

Kiti hicho nilikinunua, pamoja na vyungu sita, chemchemi, mananasi manne ya saruji na chumba cha vioo, kwenye karakana moja ya hapa Unguja inayouza mapambo ya bustani ya Kizungu cha zamani. Jina lake silitaji. Mwenyewe ni mtu wa heshima, mengine kanifanyia vizuri, na siku hizi karakana za namna hii haziko moja wala mbili, kwa hiyo nitakayoyasema yatakufaa hata ukenda kwa mwengine. Nimengoja makusudi mpaka vitu vikapita kaskazi moja na masika moja ndipo niandike. Kitu cha bustani hapa kwetu hakisifiwi siku kinaposhushwa garini.

Nina nyumba Mbweni, vyumba 4 vya wageni, na ua wa hatua 22 kwa 14. Mwanangu aliyeolewa Leicester, Uingereza, ndiye aliyeniletea wazimu huu. Kila Jumapili anakwenda na mumewe kutazama majumba ya zamani ya Waingereza, ananitumia picha: njia imenyooka kama rula, vyungu vya mawe vyenye miguu huku na huku, vichaka vimekatwa pembe nne, katikati maji yanaruka. Nikasema, ua wangu huu una mwembe na kamba ya kuanikia nguo. Kwa nini na mimi nisiwe na yangu?

Kijana aliyepokea oda yangu alikuja na kamba, mambo (vigingi) za mbao na kopo la chokaa. Hilo lilinifurahisha tangu mwanzo. Hakuanza kuniuzia kitu. Alianza kuchora mstari. Akanieleza kwamba siri ya mtindo huu ni mstari wa katikati, kisha kila kitu cha kulia kiwe na pacha wake wa kushoto. Ni kweli, ndivyo alivyofanya fundi wa bustani André Le Nôtre kule Versailles, Ufaransa, kwa mfalme Louis wa 14: unasimama mlangoni, macho yako yanapelekwa mbele moja kwa moja mpaka mwisho wa upeo. Tatizo ni kuwa mwisho wa upeo wangu upo mwembe.

"Mama, mwembe huu ukiuondoa, mstari utatoka vizuri sana."

Mwembe ule kaupanda mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nikamwambia yule kijana, mstari utakwenda mpaka kwenye mwembe na utaishia hapo hapo. Akacheka, akahamisha mambo mbili, na chemchemi ikakaa katikati ya njia badala ya mwishoni. Naona imetoka bora kuliko alivyotaka yeye. Ukikaa barazani unaona maji, na nyuma ya maji kivuli.

Vyungu ndivyo kazi yao hasa. Nilichukua vinne vidogo kwa shilingi 90,000 kimoja, na viwili vikubwa kwa 160,000. Ni zege iliyomiminwa kwenye kalibu: mguu wa pembe nne, shingo nyembamba, tumbo limezungushiwa majani ya akanthi (mmea wa Ulaya wenye majani yaliyochanikachanika), mdomo umepinda kwa nje. Kabla ya kulipa nilikwenda kwenye fungu lao la mchanga nikachota chembe mbili tatu nikazitia ulimini. Wafanyakazi waliniangalia kama nimerukwa na akili. Lakini baba yangu alikuwa fundi mwashi, na ndivyo alivyokuwa akifanya kila lori lilipomwaga mchanga: mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ikikutana na nondo ndani ya zege, chuma kinavimba kwa kutu na zege inapasuka kutoka ndani. Wa kwao haukuwa na ladha. Mchanga wa shimoni, safi.

Pitisha kidole kwenye ubavu wa chungu utakuta mshono, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Kwenye kazi mbovu mshono unakaa kama kovu la upasuaji. Kwenye vyangu ulikuwa umesuguliwa mpaka hauonekani, isipokuwa kwenye kimoja, na hicho nimekigeuzia ukutani.

Kuna watu watasema hayo si mawe ya kweli, ni ya bandia. Basi na wayaseme na kwa Waingereza wenyewe. Kuanzia 1769, Eleanor Coade alikuwa na kiwanda Lambeth, London, akifinyanga vyungu na masanamu kwenye kalibu na kuyachoma, na matajiri wakanunua kama mawe ya kuchonga. Simba mkubwa anayesimama karibu na daraja la Westminster ni wa udongo huo, ana tarehe ya 1837, na mvua za London hazijamfuta hata uso. Kwa hiyo ukinunua chungu cha kalibu hujaudanganya mtindo. Mtindo wenyewe ulikuwa hivyo.

Vililetwa kwa gari la ng'ombe, jambo lililowafurahisha wageni wangu kutoka Ujerumani kuliko vyungu vyenyewe. Kimoja kikafika mdomo umemeguka. Nikapiga simu saa 4 asubuhi; siku ya pili yake kikaja kingine, bila ya maneno wala nauli. Hapo nawapa alama zote.

Ila katika vyote sita hakuna hata kimoja kilichokuwa na tundu chini. Nilitia udongo, samadi na mawaridi, na mimi na akili zangu sikutazama chini. Vuli ilipoingia maji yakajaa mpaka mdomoni, mizizi ikaoza, mawaridi matano yakafa. Walipokuja kutoboa wakasema wateja wengi huviweka tupu kama pambo. Labda. Lakini chungu kisichopitisha maji ni ndoo, na ndoo ninazo. Waambie watoboe kabla hujalipa, tundu la kuingia kidole gumba, kisha utie kokoto chini.

Waliniuliza pia kama nataka kuongeza 10,000 kwa kila kimoja wavipake rangi ya "ukale". Ulaya watu hupaka mtindi juu ya vyungu vipya ili viote kuvu vionekane vya zamani. Nikakataa yote mawili. Masika ya mwaka huu yalivifanyia kazi hiyo bure: kufika mwezi wa tano upande wa kusini umekuwa kijani, na meusi meusi yameshuka kwenye majani ya akanthi kama wanja. Anayeviona sasa anadhani ni vya wakati wa Sayyid Barghash.

Juu ya nguzo za lango nilitakiwa kuweka masanamu. Kijana alinifungulia picha kwenye simu yake, ya kwanza mtoto wa mabawa, uchi wa mnyama, ameshika upinde. Nikamuuliza, nyumba yangu inatazamana na chuo cha Kurani, watoto wanapita hapa saa 8 mchana na majuzuu yao, huyu atavaa nini? Akaona aibu. Akanionesha nanasi. Nikalichukua papo hapo, manne kwa 35,000 kila moja. Kwa Wazungu nanasi juu ya lango lilikuwa ishara ya utajiri na ukarimu, maana kulikuza kwenye baridi yao kulihitaji nyumba ya kioo na moto usiku na mchana. Alikuwako zamani bwana mmoja Scotland, Dunmore, ambaye nyumba yake ya bustanini juu yake kumechongwa nanasi zima la mawe lenye ukubwa wa ghorofa. Mimi nanasi nalinunua Darajani nikiwa na haraka. Lakini juu ya lango limekaa vizuri, na walimu wa chuo hawana neno.

Chemchemi ilikuwa 1,450,000 pamoja na pampu na kuifunga. Bakuli mbili, ndogo juu ya kubwa, maji yanamwagika pembeni. Kazi ya saruji haina doa. Yaliyobaki ni matatizo ya hapa kwetu ambayo muuzaji angetakiwa kunambia na hakunambia. Kisima changu kina chumvi kidogo, kwa hiyo kila yanapokauka maji huacha utepe mweupe ukingoni, nausugua kwa ndimu kila wiki. Umeme ukikatika maji yanasimama, na maji yaliyosimama kwa joto letu hayamalizi wiki mbili bila ya kutoa mbu. Niligundua kwa kuinama: viluwiluwi vinapiga mikasi juu ya maji, makumi kwa makumi, kwenye pambo langu la milioni na nusu karibu. Jirani akaniletea visamaki sita kwenye mfuko wa plastiki. Sasa viko zaidi ya arobaini na kiluwiluwi hata mmoja simuoni.

Sasa tuje kwenye kile kiti.

Kilikuwa 420,000 na niliambiwa ni chuma cha kusubu, yaani cha kumimina. Sikukigonga. Kosa langu. Viti vya asili vya Uingereza, vile vya majani ya kangaga vilivyotoka viwanda vya Coalbrookdale, vilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga: vizito, watu wawili ndio wanaokinyanyua. Changu nilikivuta mwenyewe kwa mkono mmoja kukipeleka kivulini, na hata hapo akili haikunijia. Baada ya balaa la kanzu nikakigonga kwa sarafu kikalia kama debe. Yalikuwa mabomba membamba yenye uwazi ndani, majani yamekatwa kwenye bati nene na kuchomelewa. Hewa ya chumvi iliingia kwenye vitundu vya kuchomelea, kutu ikaanza ndani, ikatoka nje chini ya rangi. Juu kilikuwa cheupe bado. Ukibonyeza kwa ukucha rangi inabonyea kama ganda la yai la kuchemsha.

Nilikwenda karakanani mwenyewe. Nikamkuta bwana mwenye mali, mtu wa makamo, akanipa kiti (cha mbao, nilikiangalia kwanza) na maji baridi.

"Bibie, chuma na bahari havipatani," akasema.

Nikamwambia, "Bwana wee, nguzo za Beit el-Ajaib ni za chuma cha kusubu, zimesimama mbele ya bahari tangu 1883."

"Na jumba likaanguka."

"Likaanguka 2020! Changu hakikufika hata Ramadhani."

Akacheka mpaka akavua kofia. Siku hiyo hiyo akatuma gari kukichukua kiti. Wakakipiga msasa mpaka kwenye chuma, wakaziba vitundu vya kuchomelea, wakapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili na juu yake rangi ya kijani iliyoiva. Hawakunitoza fedha ya kazi, lakini nauli ya kwenda na kurudi 30,000 nililipa mimi, na hilo sikuliona la haki. Kanzu hakuna aliyeilipa. Ilitiwa ndimu na chumvi ikaanikwa juani mara tatu, majani yalitoka, ua limebaki kivuli.

Ukitaka kiti cha namna hii hapa Unguja, nenda na sumaku ndogo mfukoni. Ikiwa haishiki, hiyo ni alumini ya kumimina, na alumini hailiwi na kutu. Utalipa zaidi, na ulipe. Ikishika, gonga. Kikilia kama debe, kiache kilipo.

Nimekuja kwenye chumba cha vioo. Hapa nahitaji kujilaumu na mimi, kwa sababu nilikitaka kwa moyo. Mwanangu kanitumia picha ya kile wanachokiita konsavatori: kimebandikwa ubavuni mwa nyumba, vioo pande tatu na juu, ndani viti vya henzirani, kangaga zinaning'inia, mtu anakunywa chai huku nje mvua inanyesha. Karakana wakaja, wakapima baraza yangu ya upande wa magharibi, wakataja 6,800,000. Tukashuka mpaka 5,900,000. Fremu nyeupe za alumini, vioo, na juu mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Walimaliza kwa siku 9 na walisafisha walipomaliza, hata misumari waliokota.

Hakuna hata mmoja aliyetamka neno "jua". Baraza ya magharibi!

Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi imeanza, nikaweka kipimajoto cha mjukuu wangu ndani. Saa 8 mchana nje nyuzi 32, ndani 43. Mshumaa niliouweka kwenye kinara kwa ajili ya urembo ulikuwa umeinama ukagusa meza. Kangaga zilikauka zikawa kama makumbi ya popoo. Mgeni mmoja aliingia na kikombe cha chai akatoka nacho kabla hajakaa.

Na ukifikiri utaona kioja chake. Vyumba hivi Ulaya vilianza kwa ajili ya michungwa. Mfalme huyo huyo wa Versailles alijengewa jumba la machungwa na Jules Hardouin-Mansart kati ya 1684 na 1686, miti ikakaa kwenye masanduku, kipupwe kikikaribia inaingizwa ndani isife kwa baridi. Uingereza ilipofuta kodi ya vioo 1845 wakajenga makubwa zaidi, na 1848 bustani ya mimea ya Kew, London, ikamaliza jumba lake la minazi na mitende, lote chuma na kioo. Hapa hapa Mbweni aliishi John Kirk, balozi wa Uingereza na mtaalamu wa mimea, ambaye alikuwa akipeleka mimea ya huku Kew. Yaani wao walijenga vioo ili wapate joto la Mbweni. Mimi ni mtu wa Mbweni nimelipa 5,900,000 kujenga vioo ili nipate joto la Mbweni.

Niliwaita tena. Kijana wa mstari alikuja, akaingia ndani, akakaa dakika mbili tatu, akatoka akijifuta shingo. Kwa kweli nilimpenda hapo, maana hakubisha. Tukakubaliana: mabati ya plastiki yatoke, juu papigwe kimia cha mbao za mtiki chenye makuti yaliyosukwa juu yake, vioo vya juu upande wa bahari vitoke viwekwe luva za mbao za kupitisha upepo, vioo vya chini vibaki, lakini viwe na bawaba vifunguke. Wakanitoza 1,700,000 zaidi. Nadhani nusu ingetosha, kwa sababu kosa lilikuwa lao nusu.

Sasa upepo unaingia kwa luva unatokea mlangoni, mwanga unashuka kwa vipande kupitia kimia, na saa 8 ile ile napata nyuzi 31. Seremala wa jirani kanitengenezea masanduku mawili ya mti ya mtindo wa Versailles, pembe nne, yenye vitufe juu ya kila pembe na ubavu mmoja unaofunguka ili mizizi ipate kukatwa. Ndani yake nimepanda midimu. Mwanangu alipoona picha akasema, "Mama, hicho si konsavatori tena." Nikamwambia, ndiyo maana kinakalika.

Mimea haikutoka kwao, ila nitaisema kwa sababu nilipoteza fedha. Ule mmea mdogo wanaoukata pembe nne kule kwao usiutafute, nimeweka mhina. Unakatika vizuri kwa mkasi, unarudi kuchipua, na majani yanayokatwa yanasagwa: Idi hii wasichana wa mtaa mzima wametoka na mikono myekundu kutoka kwenye uzio wangu. Lavenda nilijaribu mara mbili, mara mbili ikafa na masika. Mahali pake upo mrihani, harufu yake ukiipita na kanga inakufuata mpaka ndani. Mawaridi, baada ya vile vifo vya mwanzo, nimepata ya kienyeji yale ya vikuba, na kwenye vyungu vyenye matundu yanachanua.

Kwa jumla, vyungu na mananasi nitawatumia tena, na nimeshaagiza viwili vya langoni. Chemchemi, ndiyo, ukiwa na visamaki. Kiti nisingekinunua. Chumba cha vioo wapeni fremu na bawaba tu, na mwambieni fundi akae kwenye baraza hiyo saa 8 mchana kabla hajataja bei. Nendeni asubuhi, baada ya adhuhuri mwenye mali huwa hayupo, na vijana peke yao hawapunguzi hata shilingi.

Shemeji bado anakuja kila Ijumaa. Kiti sasa ni cha kijani, nimekifuta kwa kitambaa cheupe mbele yake na kitambaa kikatoka cheupe. Anakiangalia, ananishukuru, anakwenda kukaa kwenye mizizi ya mwembe.